Maharagwe Mezani kwa Daktari

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, nyanya yetu, Cucu Wawira, hukaa mlangoni na uteo akachagua maharagwe. Akimaliza humwita kaka yangu Mwaniki, ampapase magoti na viwiko akitafuta uvimbe. Mwaniki akigongwa kidogo tu, damu yake haigandi.

Mwaka huo alikuwa darasa la nane, na Desemba vijana wote wa rika lake hapa Siakago wangetahiriwa. Wajomba zetu wawili, watoto wa Cucu, walitahiriwa wakatoka damu mpaka wakafa. Watu walisema Cucu ana laana. Lakini Mwaniki aliapa, "Mimi sitabaki mtoto. Nikifa, nimekufa."

Ndipo tukatumwa Meru, hospitali kubwa ya mafunzo, kwa Daktari Kuruthumu wa magonjwa ya kurithi. Damu ya Mwaniki ilikuwa imeshapimwa. Sasa daktari alitaka kujua ugonjwa umepitia kwa nani.

"Cucu, ulizaa watoto wangapi? Hata waliokufa."

Cucu akakumbatia mfuko wake. Kwetu watoto hawahesabiwi, ni kama kuwaitia kifo. Daktari akauliza tena, polepole. Nikajua tutarudi nyumbani hivyo hivyo.

Cucu akafungua ule mfuko, wa maharagwe aliyombebea dada yake anayeishi Kaaga, hapo Meru.

"Mimi sihesabu watu. Hesabu haya. Mekundu ni vijana, njahi, haya meusi, ni wasichana."

Akapanga mezani: yeye juu, watoto chini, halafu wajukuu. Maharagwe mawili mekundu akayafunika na kiganja. Kisha akatoa mkono. Akamweka na dada yake, na chini yake jekundu moja, akalifunika pia. Huyo mtoto wa dada yake sikuwahi kusikia habari zake.

Daktari alichora yote. "Umeona, Cucu? Wanaotoka damu ni vijana, na wote wamepata kwa mama. Hii si laana, ni kurithi tu." Akagusa njahi yangu. "Na wewe tutakupima kama umeubeba, ukitaka."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Huyu kijana atatahiriwa ama hatatahiriwa?" Cucu akauliza.

"Atatahiriwa. Desemba, hapa wodini, na dawa ya kugandisha damu kwanza."

"Wataniita wa hospitali," Mwaniki akasema.

"Watakuita ukiwa hai," Cucu akamjibu, akainuka.

"Cucu, maharagwe yako!" nikamwita.

"Hayo si ya kupika tena."

Nyumbani punje moja ikianguka huinama akaiokota. Siku hiyo alitoka, na hakurudi kuyachukua.