Mama Chungulia na Mstari wa Njano

Shangazi yangu hajawahi kuwasha gari bila kuinama kwanza na kuangalia chini yake. Mvua inyeshe, atainama. Awe amevaa nguo za harusi, atainama, mkono mmoja kwenye boneti, mwingine umeshika pindo la gauni. Kazi yake ni kufundisha udereva, na somo lake la kwanza ni hilo: chungulia. Chini ya gari panaweza kuwa na mtoto, paka au oili inayovuja. Wanafunzi hucheka, majirani hucheka zaidi, na ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Chungulia. Siku hizi magoti yanamsumbua, lakini bado anainama, anaguna, anainuka.

Kwa hiyo mchana ule alipotoka darasani na kukuta karatasi ya faini imebanwa kwenye waipa, hakuigusa. Aliinama. Chini ya gari lami ilikuwa nyeusi tupu. Mbele na nyuma ya gari, kando ya barabara, ulikuwapo mstari mpya wa njano wa kukataza kuegesha, ambao asubuhi haukuwapo. Wapaka rangi wa jiji walikuta gari limekaa, wakaliruka, wakaendelea na mstari upande wa pili. Kisha askari wa maegesho akapita na kuandika kwamba mwalimu wa udereva ameegesha penye katazo. Shangazi akapiga picha za ile lami ya chini ya gari kwa simu. Siku iliyofuata wapaka rangi walirudi, wakajaza pengo, na mstari ukawa mzima kana kwamba ulizaliwa hivyo.

Mtu mwingine angelipa akaendelea na maisha yake. Lakini mwalimu wa udereva kosa likishaandikwa kwa jina lake, hapewi tena kibali cha kufundishia, na kibali cha shangazi kilikuwa kinakaribia kwisha. Ni mjane, hajui kazi nyingine na hataki kuijua. Kulipa kulikuwa kukiri, na kukiri kulikuwa kumwaga unga wake kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa watu, jamani, watu! Baba yangu, ambaye ni mdogo wake, alimwambia alipe yaishe, halafu atatafutwa mtu wa kuzungumza na wakubwa. Mwenye shule ya udereva, mwanaume anayemwogopa hata mlinzi wake mwenyewe, alimwonya kwamba kushindana na jiji ni kupiga ukuta ngumi. Mimi nilikuwa nachemka. Shangazi aliwasikiliza wote, akawamiminia chai, akangoja wamalize.

"Yakiisha kwa uongo hayajaisha," akasema. "Yamelala tu."

Akaanza safari za ofisi ya rufaa. Dirisha hili lilimtuma lile, na lile likamrudisha hili. Mhusika ametoka kidogo. Mhusika yuko kikaoni. Shangazi alikwenda na mto wake wa kukalia, maana mabenchi ya pale hayana huruma, na akawa anakaa hapo kila alipokosa mwanafunzi, ameushikilia mkoba mapajani. Mwishowe karani wa mapokezi alikuwa anamwamkia kabla hajaketi, na nadhani ni kwa kuchoka kumwona ndipo walipompangia siku ya kusikilizwa.

Nilimsindikiza. Kilikuwa chumba kidogo, feni inazunguka bila kuleta upepo. Afisa wa rufaa, mama mmoja mpole, alizitazama picha kwa muda, kisha akasema kwa upole uleule kwamba lami nyeusi ipo kila mahali. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alikuwa anasema kweli.

Akaitwa askari wa maegesho aliyeandika faini. Kijana mwembamba, kofia mkononi. Msimamizi wake alikuwa amekaa nyuma yake, karibu na mlango.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema, bila kuinua macho.

Alikuwa mwanafunzi wake! Shangazi ndiye aliyemshikisha usukani kwa mara ya kwanza, na leo anasimama kusoma kwamba gari lilikutwa kwenye mstari wa njano. Nilitamani nimvue zile sare. Shangazi aliitikia salamu. Mara kifuko cha miwani yake kikaanguka, akainama kukiokota, na akakaa kule chini hadi afisa akauliza kama mama yuko salama. Akainuka akiguna, akaomba kuuliza jambo moja.

"Mwanangu, hiyo rangi ya njano kwenye kiatu chako umeipata wapi?"

Sote tulitazama. Pembeni mwa soli palikuwa na alama ya njano iliyokauka. Kijana aliurudisha mguu nyuma, kisha akauleta mbele tena. Angeweza kusema popote. Jiji zima lina rangi, na msimamizi wake alikuwa anamtazama kisogoni.

"Palepale, Mwalimu. Nilikanyaga nikiweka karatasi. Ilikuwa mbichi."

Afisa akamuuliza kama rangi ilikuwapo na chini ya gari.

"Sikuchungulia," akasema. "Mstari ulikatikia kwenye gurudumu la nyuma. Niliona, nikaandika tu. Mwalimu alinifundisha kuchungulia, na siku ile sikuchungulia."

Msimamizi alikohoa. Afisa aliandika kwa muda mrefu, kisha akasema faini imefutwa na jina la mama halina doa. Mimi nililia kama mtoto. Shangazi alishukuru, akachukua mto wake, tukatoka.

Gari lilikuwa mbali. Tulikuwa tumezunguka sana asubuhi kabla hajaridhika na pa kuliegesha. Kijana alitufuata hadi pale, akasimama kando kama anayesubiri kofi. Shangazi aliweka mkono kwenye boneti ili ainame, na nikaona uso wake ukikunjamana kwa maumivu ya magoti. Kijana akamtangulia. Akaweka kofia yake juu ya boneti, akapiga magoti vumbini na sare zake, akatazama chini ya gari.

"Pako wazi, Mwalimu."

"Na nyuma ya magurudumu?"

Akainama tena. Shangazi alimsubiri hadi alipomaliza, ndipo akafungua mlango.