Pua ya Mwoka Mikate

Mtaa mzima walimwita Pua, na mwoka mikate yule hakukasirika. Ungemkuta kibarazani anapiga soga na wateja, mara anainuka ghafla: "Imeiva hiyo!" Na kweli, mkewe akifungua tanuri, mikate imeiva vizuri, haijaungua hata ukingo. Saa ya ukutani ilikuwa pambo tu.

Kisha homa ikampiga. Ilipoondoka, iliondoka na harufu zote. Loo! Hamira haina harufu, moshi hauna harufu, hata soksi zake mwenyewe, ambazo, tusidanganyane, hazikuwa jambo dogo. Mikate ikaanza kuungua, wateja wakaanza kununa. Ikabidi mkewe asimame kando ya tanuri akimwambia, "Bado... bado... haya, toa." Pua anatoa, kichwa chini. Jina ndilo lile lile, ila sasa lilimchoma. Na si mikate iliyomuuma zaidi. Aliona kama dunia imehamia upande wa pili wa kioo, yeye kabaki kuitazama tu.

Daktari alisema huenda harufu zikarudi, huenda zisirudi. Ndipo mkewe akasikia kwamba kwenye hifadhi ya mlimani maua yamechanua, msimu wenyewe mfupi, na harufu yake inamlewesha mtu tangu getini.

"Twende," alisema. "Pua yako isipoamka huko, basi tena."

Wakaenda. Jamani, maua! Mteremko mzima zambarau na njano, ukungu unatambaa katikati, watu wanapita humo wakionekana nusu nusu, mara kiuno, mara kofia peke yake. Hata sauti zilikuwa zimelegea. Pua alitembea kama yumo ndotoni. Akapiga magoti, akazamisha uso kwenye maua, akavuta pumzi. Hola. Akahamia kichaka kingine. Hola. Nyuki wakampisha, nadhani kwa huruma.

"Vipi?" mkewe aliuliza.

"Mazuri," alisema Pua. "Mazuri sana."

Mkewe akajua hajasikia kitu. Akageuka pembeni, akajifuta machozi haraka haraka.

Wakaendelea kupanda, kwa kuwa njia ilielekea huko, hadi kwenye chemchemi za maji moto. Mvuke mweupe ulikuwa umefunika miti, maji yakitokota taratibu kati ya mawe. Wageni waliotangulia walikuwa wanarudi mbio, wameziba pua, wanacheka na kukohoa. Mkewe naye akavuta mtandio hadi chini ya macho.

"Uwii! Tugeuze bwana, huku mayai viza matupu!"

Pua hakusogea. Alisimama ndani ya mvuke, machozi yanamtiririka.

"Mama watoto," alisema. "Kunanuka."

"Unasemaje?"

"Kunanuka vibaya mno! Kunanuka, mke wangu, kunanuka!"

Akaketi juu ya jiwe, akafumba macho, akawa anauvuta uvundo ule taratibu, bila haraka yoyote. Mkewe alimtazama kitambo. Kisha akashusha mtandio, akakaa ubavuni pake, naye akavuta.