Nilisema Jirani Yangu Ana Macho

Usinionee huruma bado. Sikiza kwanza nilichofanya, maana hata mimi nikikumbuka natamani ardhi inimeze.

Mimi ni msusi pale Kenyatta Market. Nikienda kazini, binti yangu Triza, wa miezi kumi, nilikuwa namwachia Mama Deno, jirani yangu kwenye ploti tunayoishi karibu na Dagoretti Corner. Alikuwa akilea watoto sita wa ploti, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Jumatatu moja nilipoenda kumchukua, Mama Deno alimpandisha nguo, akamwangalia kifua kwa muda mrefu.

"Mama Triza, huyu mtoto anapumua na mbavu. Ona vile hapa inaingia ndani. Mpeleke hosi leo, usingoje kesho."

Nilikasirika! Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, miguu imevimba, na sasa naonyeshwa kwamba sijui mtoto wangu.

Jioni hiyo Triza alikataa kunyonya. Nikampigia mama yangu nyumbani Kakamega. Kwetu tunaamini kuna watu wana macho, wakimkazia mtoto anaugua. Mama akauliza ni nani aliyemwangalia. Mungu wangu, nikataja jina!

Sikuishia hapo. Kesho yake asubuhi, kwenye mfereji tunapoteka maji, nikawatangazia wanawake wote wa ploti: "Kama una mtoto, mtoe kwa huyo mama. Ana macho." Kufikia Jumatano, mlangoni kwa Mama Deno hapakuwa na kiatu cha mtoto hata kimoja.

Na Triza? Nilimpeleka kwa mama mmoja Kawangware anayetibu watoto walioangaliwa na wenye macho. Akamsugua kifua na siagi, akanionyesha vipunje akasema vimetoka mbavuni. Nikaamini! Siku mbili nikamrudisha huko. Siku ya tatu midomo ya mtoto ikawa ya kijivu, nikakimbia naye hospitali.

"Mum, mlikuwa mnangoja nini?" daktari aliniuliza. Ilikuwa nimonia.

Tulikaa wodini siku tisa, Triza na mpira wa oksijeni puani. Mchana, saa ya kuona wagonjwa, vitanda vya wenzangu vilijaa mashangazi na thamosi za uji. Kwangu hakuna mtu. Baba yake yuko kazi ya mjengo Mombasa, alituma meseji tu. Basi nilikuwa naweka simu sikioni najifanya naongea, na simu yenyewe imezima.

Siku ya nne nilimpigia Mama Brayo, tunayepakana naye milango, nikamwomba aniletee nguo za mtoto. Akaniambia:

"Mama Triza, tunakuombea. Lakini kukuja, hapana. Nikimwangalia alafu azidiwe, si utasema ni mimi?"

Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo.

Siku ya sita nikaona mtu na kikapu mlangoni. Mama Deno! Alikuwa amejifunga leso mpaka kwenye nyusi, macho ameyaelekeza sakafuni. Akaja hivyo hivyo mpaka kitandani, akaweka thamosi na nguo za Triza, zile nilizoacha kwenye kamba. Alikuwa amezipiga pasi.

"Nimeleta uji, mama. Usijali, simwangalii."

Triza alijua sauti ile. Akanyoosha mikono yote miwili, na mpira wake puani, anamtaka! Mama Deno akageukia ukuta. Nilitaka kusema mshike, tafadhali mshike. Lakini kwa aibu nikainamia thamosi kuifungua, naye akaondoka.

Uji ule niliunywa nikilia.

Tuliporudi, chumba cha Mama Deno kilikuwa kitupu. Angebaki kufanya nini, na watoto wote niliwaondoa mimi? Nimeuliza ploti zote za karibu, hakuna anayejua alikohamia. Namba yake haipatikani.

Wewe mzazi, mtu akikwambia mtoto wako hapumui vizuri, usiulize ana macho gani. Beba mtoto, kimbia hospitali! Na chunga mdomo wako, ndugu yangu. Niliyoyasema kwenye mfereji yalichukua dakika moja, na mpaka leo sijapata pa kuyarudisha.

Na kama unamjua mama mmoja mpole anayelea watoto, amehamia kwenu karibuni, mwambie Triza ameanza kutembea. Mwambie aje amwangalie.