Moto wa Nani, Litapunga

Mwezi wa tisa kule Litapunga, mtu akikuambia ameona moto, muulize upi. Kuna wa mlimani, kuna wa ng'ambo ya mto, kuna wa anayeandaa shamba, na kuna usio na mwenyewe. Moshi unatanda mpaka jua la saa sita linakuwa jekundu, na nguo ulizofua asubuhi unazianua zina majivu.

Nyanzala alishayazoea hayo. Alihamia huko na mumewe na ng'ombe kutoka Usukuma. Mume akafa, ng'ombe wakabaki, naye akabaki nao. Kila mwaka, nyasi zikiwa bado na ubichi kidogo, huchoma mkanda kuzunguka boma lake, ili moto mkubwa ukija ukose cha kula. Lakini mwaka huu mvua zilichelewa kukoma na nyasi zikagoma kukauka. Akasubiri wee, na alipokuja kushtuka, upepo wa kiangazi umeshaanza. Akachoma hivyo hivyo. Ni mbishi huyu mama, hata marehemu aliulalamikia ubishi wake.

Akauzima kwa matawi mabichi, akauona umezimika. Au alidhani ameuona, maana moshi ulimjaza machozi. Mchana ule ule moto ukavuma bonde zima. Ukala mabua yote aliyowawekea ng'ombe, ukala na mizinga ya nyuki ya jirani yake, Vestina.

Afadhali ingekuwa ya mtu mwingine. Vestina, Mkonongo mwenyeji wa huko aliyerithi mizinga ile kwa baba yake, ndiye aliyelala chini pamoja na Nyanzala siku zote za msiba wa mume. Huku ugenini hakuwa na ndugu zaidi ya huyo.

Kesho yake Nyanzala akaenda kuangalia moto ulipotokea. Akaufuata weusi kutoka kwenye mkanda wake hadi kwenye miti ya mizinga, akaona wazi kuwa ni wake. Akarudi kwa upande wa mlimani, akaona wazi kuwa si wake. Upepo uligeuka mara ngapi siku ile? Hakukumbuka. Ardhi yote ilikuwa nyeusi. Basi akaamua: nitakwenda nimwambie nilichoma nimechelewa, anifanye atakavyo. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno.

Alimkuta Vestina ameketi mlangoni, macho yamevimba. Kabla hajapewa hata kigoda, mwenzake akapiga magoti.

"Dada Nyanzala, nisamehe."

"Nikusamehe nini tena?"

"Mabua yako. Ni mimi. Asubuhi ile nilikwenda kurina asali, nikakiacha kienge cha kufukizia nyuki pale chini ya mti. Nilikikanyaga, lakini sina hakika kama kilizimika. Tangu jana sijala. Ng'ombe wako watakula nini?"

Nyanzala akawaza. Kienge? Basi ni kienge. Au ni mkanda. Au ni ule wa mlimani, na wote wawili wanajitesa bure. Maneno aliyoyapanga njiani yalikuwepo yote, mdomoni kabisa. Hofu ikamshika, na ndani ya hofu hiyo kukawa na unafuu mtamu, wa aibu.

"Nimekusamehe, mdogo wangu," akasema.

Hakujua maneno hayo yametoka wapi. Alitaka kuyarudisha papo hapo, aseme subiri kwanza, na mimi nina langu. Lakini Vestina alishaangua kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo, huku akimshika mkono na kuubusu, akisema nyie Wasukuma mna moyo, mna moyo kweli, mwingine angenipeleka kwa mwenyekiti.

"Inuka," Nyanzala akamwambia. "Inuka, Vestina, tafadhali."

Hakuinuka. Akazidi kuubusu mkono ule ule uliowasha nyasi.