Profesa Bei Moja

Wanafunzi walimbatiza Bei Moja, na jina likamganda hata wahadhiri wenzake wakawa wanalitumia akishageuza kisogo. Alikuwa profesa wa maadili ya biashara, mwanamke mrefu, mpole, mwenye tabia ya kusimama katikati ya sentensi na kutazama dirishani kana kwamba jibu litapita barabarani. Darasa litangoja, litangoja, kisha atazinduka na kuuliza, "Nilikuwa wapi?" Nao humjibu kwa pamoja, "Sokoni, Profesa." Wala hawakumsingizia. Mwili ulikuwa darasani, roho sokoni, na ndivyo alivyokuwa tangu utoto.

Maana alizaliwa na muuza vitambaa. Yeye na mdogo wake wa kike walilala usingizi wa mchana chini ya meza ya mama yao, majora yamewazunguka, sauti za wanunuzi zikipita juu yao. Mama anataja bei, mteja anacheka. Mteja anataja yake, mama anajishika kifua kama aliyepigwa. Huku chini watoto wawili wanasinzia na kuzinduka, na kila wakizinduka mazungumzo yako palepale, ila sasa yamehamia kwenye goti la mteja linalouma au binti yake anayeolewa. Mpaka uzeeni profesa akitaka usingizi sharti asikie watu wakibishana kwa mbali. Mumewe humwekea redio.

Ungedhani mtoto wa namna hiyo atakua akiipenda biashara ya mdomo. Wapi! Elimu nayo ina vituko vyake. Alipofika chuo kikuu alisoma, akasoma, akaona kwamba kumtajia mtu bei ambayo wewe mwenyewe huiamini ni uongo, na yule anayekujibu kwa bei asiyoiamini ni mwongo wa pili. Akaandika tasnifu nzima juu ya hilo. Bei iandikwe ukutani, mtu asome, alipe, aende zake. Tajiri na maskini, mwenyeji na mgeni, wote sawa. Hapo ndipo haki inapoanzia, na penye haki amani hufuata yenyewe. Tasnifu ilisifiwa sana. Wala hakuwa mtu wa kuhubiri maji huku anakunywa mvinyo, kwa sababu tangu hapo hakuomba kupunguziwa hata kwenye fungu la nyanya. Wauza nyanya walimpenda mno, na usiniulize kwa nini.

Akaitwa redioni kueleza mawazo yake. Alieleza vizuri, na kwa kuwa alitaka kila mtu amwelewe, akatoa mfano wa nyumbani. Alisema mama yake mzazi, marehemu, alidanganya watu maisha yake yote bila kujua kuwa anadanganya. Kwake ulikuwa mfano tu, tena wa mapenzi. Msomi akishapata mfano mzuri haoni tena aliyekaa ndani yake. Lakini soko zima lilikuwa limefungulia redio siku hiyo, na nyuma ya meza ya mama alikuwa amekaa mdogo wake, rula ya mbao mkononi, wateja wanamtazama. Jioni simu ikalia.

"Umemwita mama mwongo mbele ya wateja wake," mdogo akasema, akakata.

Tangu hapo wakawa watu wa kukutana misibani na harusini, na kusalimiana kama abiria waliopangiwa kiti kimoja.

Miaka ikaenda, na profesa akapanda vyeo. Akatoka kwenye maadili ya duka moja akaingia kwenye jambo kubwa zaidi, jinsi biashara inavyoweza kuwarudisha pamoja watu waliopigana. Alikwenda kwenye miji iliyotoka kwenye ghasia, akatembea kwenye masoko yenye mabati mapya juu ya kuta zilizobaki nyeusi kwa moshi. Katika soko moja la namna hiyo alingoja siku nzima kuwahoji wafanyabiashara wawili waliokuwa pande mbili za ugomvi. Wenyewe walikuwa wanabishania gunia la vitunguu. Walibishana, wakanyamaza, wakanywa chai, wakaanza upya. Profesa akapiga miayo, akasinzia kitini, akaota yuko chini ya meza. Alipoamka gunia lilikuwa limeshauzwa na wale wawili wanamcheka yeye. Akatoa kalamu akawauliza maswali yake, wakajibu. Ubishi wenyewe hakuuandika hata mstari mmoja, aliona umempotezea muda.

Ikafika siku ya kustaafu kukaribia. Chuo kikamwandalia mhadhara wa kuaga, ukumbi mkubwa, mada ni amani kupitia biashara. Naye kila akikaa kuandika, maneno yanagoma. Alimwuliza mumewe atasimama vipi kufundisha watu waliochomeana nyumba, wakati mdogo wake wa tumbo moja hajaingia kwake tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alimtaka mdogo wake. Hakutaka shada wala ngao, alitaka yule mtoto waliyelala naye kichwa kwa kichwa, na aliogopa atazeeka bila yeye. Mumewe, mpima ardhi mstaafu, mtu wa mizaha, akasema basi aende dukani kwa huyo mdogo wake akanunue kitu. Mwenye duka hawezi kumfukuza mteja. Ulikuwa utani, lakini mfa maji haachi kutapatapa. Kesho yake profesa akaenda.

Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha. Ndani ya duka mlikuwa na ule mwanga wa maji unaofanya rangi zote zionekane zimelala. Mdogo wake alikuwa amevaa miwani kama ya mama, na mlangoni fundi cherehani alikuwa anashona. Wakasalimiana. Profesa akagusa jora la kitambaa cha buluu, akasema anatafuta cha pazia, akauliza bei.

Mdogo akamtazama juu ya miwani. Kisha akataja bei ya kichaa, bei iliyomfanya hata fundi asimamishe cherehani. Profesa akajisemea moyoni, hii ndiyo adhabu yangu, acha niibebe. Akafungua mkoba, akalipa yote, bila kuomba apunguziwe. Mkono wa mdogo ulisita juu ya zile noti. Akapima, akakata, akakunja.

"Haya, asante kwa kuja," akasema, kama anayemuaga mpita njia, akageukia rafu zake. Fundi akatikisa kichwa na kuendelea kushona.

Profesa akarudi na kitambaa cha bei ya dhahabu, na moyo mzito kuliko alivyoondoka nao.

Siku mbili kabla ya mhadhara alikuwa ofisini, mchana, vitabu vimeshafungwa kwenye maboksi. Chuo kilimwomba azungumze Kiswahili ili watu wa mjini nao wafuate, na yeye miaka yote alikuwa ameandika kwa lugha ya majarida. Kile kitambaa alikuwa amekitundika dirishani kwa pini, kuzuia jua, na chumba chote kikawa buluu, maboksi buluu, vidole vyake buluu. Usingizi ukawa unamnyemelea. Akatafuta neno la muuzaji na mnunuzi kuafikiana bei, akaandika: kupatana. Akaendelea. Akatafuta neno la ndugu waliogombana kurudiana, akaandika: kupatana.

Kalamu ikasimama.

Alilitazama hilo neno kama mtu aliyekuta miwani yake usoni baada ya kuitafuta nyumba nzima. Alizaliwa nalo, amelitumia kila siku, na hakuwahi kulisikia. Katika ule ubuluu akawa tena chini ya meza, na juu yake mama akimwambia mteja, bado hatujapatana, kaa basi, unakwenda wapi. Mama hakuwahi kusema uongo. Hakuna mteja aliyewahi kuiamini ile bei ya kwanza, wala mama hakutaka aiamini. Ilikuwa namna ya kumvutia mtu kiti. Na juzi mdogo wake alimvutia kiti, kirefu kupita vyote, kiti cha kukalia miaka yote waliyopoteza, na yeye akakilipia akaondoka.

"Ee Mungu wangu," profesa akasema, akainuka bila kuchukua hata mwavuli.

Mvua ilimkuta njiani, akafika dukani ameloa. Hakusalimia. Alinyoosha kidole kwenye jora la kijani na kuuliza bei. Mdogo wake, bila kuinua uso, akataja bei mbaya kuliko ile ya kwanza. Profesa hakuwa amebishania kitu tangu ujana wake, na midomo ilimtetemeka kama ya mtoto anayesomeshwa kwa nguvu. Akataja bei ndogo, ya aibu, bei ya kitambaa cha kufutia vumbi.

Cherehani ikanyamaza. Mdogo akainua uso. Taratibu, akajishika kifua.

"Unataka nilale njaa, Dada?"

Miaka yote hiyo hakuwa amemwita Dada. Fundi akasogeza kiti, na profesa akakaa.

Baada ya hapo hata wao hawakujua muda ulikwenda vipi. Bei ilipanda, ikashuka, ikapotea kabisa, wakaikuta tena kati ya habari za macho ya mdogo, mizaha ya shemeji na goti la profesa, ambalo sasa lilikuwa linauma kama la wateja wa zamani. Mvua ikakatika bila wao kujua. Mahali fulani humo, profesa akasema kwamba redioni alikosea, alikosea vibaya, na haipiti siku bila kukumbuka.

"Hilo halipunguzi bei," mdogo akasema, lakini alikuwa anafuta miwani.

Jioni fundi akafunika cherehani yake. Profesa akafungua mkoba, yuko tayari kulipa chochote. Mdogo akausukuma mkono wake.

"Weka hizo. Hatujapatana."

"Kesho siwezi kuja, najiandaa. Keshokutwa nina mhadhara."

"Basi nitakufuata hukohuko. Unadhani utanikimbia?"

Ukumbi ulijaa. Profesa alianza vizuri, akafika kwenye wale wauza vitunguu wawili, safari hii akausimulia na ubishi wao kadiri alivyoukumbuka, kisha katikati ya sentensi akasimama. Safari hii hakutazama dirishani. Alikuwa anatazama kiti cha mbele, mwanamke mwenye miwani na jora la kijani mapajani.

"Nilikuwa wapi?" akauliza.

Wanafunzi wakavuta pumzi wajibu kama kawaida yao, lakini waliwahiwa.

"Chini ya meza, Dada," mdogo wake akasema.

Watu wakacheka, bila kujua wanacheka nini. Profesa akavua miwani, akafuta macho, na ikabidi asubiriwe. Lile jora la kijani halijauzwa mpaka leo, na kila wiki yeye huenda dukani kuliulizia bei.