Mwalimu wa Choo

Jivu likimwagiwa maji lina harufu yake, chungu kidogo, inayokaa kooni. Nikiisikia hata leo najiona nimesimama nje ya choo cha shimo tulichokimwagia jivu katika ploti yetu ya kupanga, mtaani Kabiria, nimeegemea mlango wa mabati, mvua inanichapa mgongoni, na ndani yumo ndugu yangu Wafula. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, yeye minane. Wafula alizaliwa na akili ambayo haikukua pamoja na mwili. Ninalisema jambo hili wazi kwa sababu mama yetu naye alilisema wazi. Hakuwahi kumficha ndani wageni walipokuja, kama walivyofanya wengine.

Mama alikuwa akifua nguo katika nyumba za watu upande wa Adams Arcade. Baba alibaki kijijini kwetu magharibi, habari zake zikakatika. Mtu wa kumwangalia Wafula hakuwepo, kwa hiyo nilitolewa shule nikiwa darasa la nne. Nilimfunga leso kiunoni, ncha ya pili nikajifunga mimi, ndipo nikaweza kuosha vyombo na kuchota maji bila yeye kupotelea barabarani. Majirani walisema huo ni ukatili. Hakuna hata mmoja aliyejitolea kukaa naye saa moja.

Masika yalipoanza, mama alirudi jioni moja akitembea mbio, viatu mkononi. Mwenye nyumba mmoja alikofua alikuwa amemwambia kuhusu kituo kinachokaa na watoto kama Wafula mchana. Nafasi moja imetokea. Moja tu, na hawachukui mtoto asiyejua kwenda choo.

“Nekesa, mfundishe. Shule zikifunguliwa, yeye ataingia huko na wewe utarudi darasani. Umesikia?”

“Nimesikia, mama.”

Basi nilimfundisha. Asubuhi, adhuhuri, jioni, kila alipomaliza uji. Nilimfundisha kushika tumbo akitaka kwenda, na akimaliza agonge mabati na kuita, “Tayari!” Watoto wa ploti walijipanga ukutani wakinicheka.

“Mwalimu wa choo! Mwalimu, mtihani ni lini?”

“Wenu ni leo,” niliwajibu. “Anzeni kwa kupangusa kamasi.”

Siku moja nilimkuta anakojoa ndani ya beseni jeupe la mama, lenye maji. Nilimzaba kofi. “Sio beseni! Sio beseni!” Alilia akiyarudia maneno hayo mpaka akalala nayo. Hakukosea tena. Kabla mvua hazijakatika alikuwa anashika tumbo, anaingia peke yake, anagonga, anaita. Nilitoa daftari langu chini ya godoro nikalipangusa vumbi.

Siku ya kwenda kituoni tulimvalisha shati lililopigwa pasi. Matroni alitupokea vizuri, akampa Wafula chai, akatuambia tungoje. Baada ya muda Wafula akashika tumbo. Nilijua tumefaulu. Matroni akafungua mlango, na mle ndani nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona maishani: choo cheupe cha kukalia, maji yametulia ndani yake.

Wafula alikitazama, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. “Sio beseni.”

“Ni choo, Wafula. Kaa.”

“Sio beseni!” Alibana miguu, akajikinga shavu kwa mkono, kisha akajikojolea palepale mlangoni.

“Anadhani ni beseni la mama,” nilimwambia matroni. “Kwetu hakuna hii. Nyumbani anajua, haki ya Mungu.”

“Nakuamini, mtoto wangu. Lakini hapa tuko wawili tu, na watoto wamejaa mpaka kwa korido. Kuna mwingine anangoja hapo nje.”

Nilimwona huyo mwingine, msichana mkubwa aliyelala begani mwa mama yake. Hata kumchukia sikuweza.

Tulirudi kwa miguu. Mama hakunigombeza; afadhali angenigombeza. Alisema tu, “Kaza leso, kuna magari.” Lile daftari niliwashia jiko.

Ploti ile sasa ni gorofa, na tunaishi humo, orofa ya kwanza. Mimi ni nyanya mwenye magoti mabovu. Wafula ana mvi, na akinivuta naanguka. Mjukuu wangu amepiga simu kila mahali kumtafutia kituo. “Shosho, hawa wanachukua watoto tu. Hawa wamejaa. Hawa wanasema tuandikishe jina tungoje.” Wakati wa mama tuliujua mlango mmoja. Leo naijua mingi, na kote naambiwa ningoje. Mama alikuwa na mimi wa kumfunga Wafula kiunoni. Mimi sina wa kumfunga, wala sitamtoa mjukuu shule.

Choo chetu siku hizi ni kile cheupe. Kila asubuhi Wafula anasimama mlangoni, mkono shavuni, ananiuliza, “Beseni?” Namjibu, “Ni choo, Wafula. Kaa.” Ndipo anakaa. Nisipomjibu hakai, hata nusu saa ipite. Nikiondoka duniani kabla yake, atauliza, na sijampata bado mtu wa kumjibu.