Kiti cha Mwisho wa Safu

Maisha yangu yote ya kazi nimetengeneza baiskeli nikiwa nimechuchumaa kando ya barabara, pale Makiso, kwa hiyo magoti yalipoanza kulia sikushangaa. Vijana wa toleka, hao wanaobeba abiria kwa baiskeli, waliniletea magurudumu yao kutwa, na kila gurudumu lilinitaka chini. Daktari aliponieleza kwamba gegedu la ndani ya goti limekwisha, kwamba mfupa sasa unasaga mfupa, nilimwelewa upesi kuliko alivyotegemea. Ni gololi zilizokosa grisi. Tofauti ni kwamba gololi nilikuwa nazo kwenye kopo, za kubadilisha.

Mtaani kwetu ushauri hauombwi. Jirani mmoja alisema supu ya makongoro, maana anayekula viungo hupata viungo. Nikapika. Lakini makongoro si chakula cha mtu mmoja: yanachemka tangu asubuhi, mtaa mzima unayasikia harufu, halafu jioni unakaa peke yako mbele ya sufuria ya harusi. Mama mmoja wa Banalia akaniletea magome ya mti ya kukandia. Nikakanda. Magoti yakanukia vizuri, yakaendelea kuuma.

Hayo ningeyavumilia. Kilichonishinda ni swala.

Msikitini watu husimama bega kwa bega, unyayo kwa unyayo, na imamu hachoki kutukumbusha tuzibe nafasi. Tangu mke wangu afariki, na watoto wakiwa Kinshasa, hakuna mtu aliyekuwa akinigusa tena. Sizungumzii kupeana mkono. Mkono wa salamu hauna muda, unashikwa na kuachwa. Nazungumzia joto la mtu aliye kando yako bila haraka. Hilo nililipata kwenye safu tu, kutoka kwa muuza vitenge mmoja wa Maniema, mtu mnene, aliyesimama kushoto kwangu kila adhuhuri. Bega lake lilinibana kidogo, nami sikusogea. Sikuwahi kumwambia mtu jambo hili. Mzee mzima utasemaje, kwamba unakwenda kuswali ili uguswe? Nilikuwa mpweke kiasi hicho, na niliona aibu hata mbele ya Mungu.

Siku moja nilisujudu nikashindwa kuinuka. Safu nzima imesimama, imamu anasoma, mimi niko chini kama gunia lililodondoka kwenye baiskeli. Baada ya swala watu wawili wakaninyanyua kwa kunishika makwapani. Mtunza msikiti, kwa upole kabisa, akaleta kiti cha plastiki na kukiweka mwisho wa safu, karibu na ukuta, ili kisiwakate waliosimama. Dini inaruhusu, hilo nalijua. Nimewahimiza wazee wengine wakubali. Nilikitazama kile kiti, nikavaa viatu vyangu. Wahenga walisema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Mimi langu lilipovunjika nililikimbia zizi, nikawa naswali chumbani.

Nyumbani alikuwapo paka. Alikuwa wa mke wangu, si wangu. Zamani alilala miguuni pake kitandani, na asubuhi aliruka dirishani kuangalia kuku wa watu. Baada ya mazishi alinipandia kitandani kwa muda, kisha akaacha. Akawa analala chini ya meza, ananitazama tu. Nikimwinua, anang'aka. Nikaamua kwamba hajawahi kunipenda, alikuwa akimngoja mwenyewe arudi, na amechoka kungoja. Nilimwambia waziwazi kwamba mlango haujafungwa. Hakutoka, nami sikumfukuza, tukaishi hivyo kama wapangaji waliogombana.

Alipoacha kujilamba mgongo, na manyoya yakaanza kushikana, nilimtia kwenye kikapu nikapanda toleka kumpeleka kwa mganga wa mifugo. Alikuwa kijana wa miwani aliyezoea mbuzi na nguruwe. Alimkunja paka mguu mmoja, akamkunja wa pili, akamwachia alipoanza kung'aka. Nilimwambia kwa hasira kidogo kwamba mnyama huyu hana shukrani, alinikataa siku nyingi. Kijana alitikisa kichwa.

"Hapana, papa. Huyu paka hakukukatala. Iko na arthrose, sawa na wewe. Kitanda ndiyo iko juu sana kwake."

Akanieleza kwamba paka halii akiumwa viungo. Anaacha tu kufanya mambo, moja baada ya jingine, na wenye nyumba wanasema amezeeka au ana kiburi. Akanikataza kumpa hata kipande cha vidonge vyangu, maana dawa ya goti la mtu inaweza kumuua paka. Nimpunguzie chakula, akasema, na nimwekee kitu cha kupandia.

Nilirudi nikapigilia misumari makasha mawili ya mbao kando ya kitanda, moja fupi, moja refu, nikayafunika gunia yasiteleze. Paka aliyanusa, akanikazia macho kama mteja asiyemwamini fundi. Kisha akapanda. Kasha la kwanza, akapumzika. La pili, akapumzika. Akafika kitandani, akajizungusha, akalala kwenye miguu yangu, na mimi nikalia, wala sioni haya kulisema. Siku zote zile nilikuwa nimemnunia mnyama aliyekuwa anaumwa, basi.

Haikupita wiki, yule muuza vitenge akabisha hodi. Hakuwahi kufika kwangu. Alikunywa chai, akalalamikia mvua, akalalamikia barabara ya Bengamisa ambayo imemzuia kupeleka mzigo, akausifu mwembe wa jirani ambao hauna sifa yoyote. Nilijua hajaja kwa ajili ya mwembe. Mwishowe akaweka kikombe chini.

"Yaya, tulikukosea nini?" akauliza, akiniita kaka mkubwa kama ilivyo desturi yetu. "Mimi nilizani uko na kisirani na mimi. Nilijiuliza, ni nini nilimufanya?"

Alikuwa ameyatafuta makosa yake mwenyewe wiki baada ya wiki, mtu wa watu, wakati mimi nimekaa humu ndani nikijihurumia. Nikamwambia ni magoti. Ni magoti tu, hakuna mtu aliyenikosea. Akauliza kama kile kiti hakinifai. Nikasema kiti kizuri, ila kiko mbali. Akataka kujua kiko mbali na nini, na hapo nikamwongezea chai.

Ijumaa nikaenda. Kiti kilikuwa palepale, ukuta kulia kwangu. Nilipokaa, muuza vitenge alitoka mahali pake pa miaka yote, katikati ya safu, akaja kusimama kushoto kwangu. Imamu akatoa takbiri, na hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho hakuna aliyenionya. Yeye akisimama, bega lake liko juu ya kichwa changu. Ninachopata ni nguo ya kanzu yake ikinipapasa sikio. Akirukuu, ananipita. Akisujudu, yuko sakafuni na mimi niko juu kama mtu aliyesahauliwa kituoni. Tuliswali kando kwa kando na mabega yetu hayakukutana hata mara moja. Nilijilazimisha kumsikiliza imamu.

Kisha tukafika kwenye tahiyatu ya mwisho, ile ambayo watu hukaa chini wakisoma kimyakimya. Aliketi, akajiweka sawa, akapumua kwa shida kama watu wanene wanavyopumua. Mkono wake, pale chini ya bega, ukaegemea paja langu, juu kidogo ya goti bovu. Sijui kama alikusudia. Ulikuwa mzito, una joto, na haukuondoka. Nikayasoma yote ninayopaswa kusoma, na yalipokwisha nilimwomba Mungu jambo moja tu, imamu achelewe kutoa salamu.